Mikono ya Felista

Nakumbuka mwezi wa sita mmoja, mwanangu, baridi ya Sumbawanga inakata masikio, nami natoka nyumbani kwangu kimyakimya kama mwizi. Nilikuwa nesi kijana, nina nyumba yangu ya kwanza, mbwa wawili, na bima ya nyumba niliyojivunia kuliko cheti changu cha unesi. Nilikuwa naenda Kipili kwenye harusi ya mdogo wangu, wiki nzima.

Unatujua sisi, safari haitangazwi. Basi nikaacha kandambili mlangoni na khanga kwenye kamba, ionekane nipo. Nikamwomba Felista, fundi cherehani, binti wa jirani, alale pale awaangalie mbwa. Nikamfundisha na maneno: akiuliza mtu yeyote, wewe ni mdogo wangu, na mimi niko zamu. Hata watu wa bima sikuwaambia, ingawa fomu yao ilisema nakaa peke yangu na mabadiliko yoyote niwajulishe. Nilijiona mjanja kweli, loo!

Siku ya nne mbwa wakawa wanatetemeka. Felista akawaonea huruma, akaingiza jiko la mkaa sebuleni, akatoka kidogo kuchota maji. Mbwa wakakimbizana, jiko likapinduka, zulia likashika moto, pazia likafuata. Felista alirudi mbio, akawatoa mbwa kwa mikono yake mwenyewe. Majirani walipouzima moto, nusu ya paa ilikuwa imeshakwenda, na mikono ya Felista imeungua hadi viwikoni.

Nilipopigiwa simu niliwaarifu bima, lakini nilipo sikusema. Bwana wao akafika kabla yangu. Felista, mikono imefungwa bandeji, akasema vilevile nilivyomfundisha. Kesho yake nikashuka kwenye basi na furushi la migebuka, samaki wa ziwani Kipili, begani, nikamkuta yule bwana anapiga picha. Majirani walikuwa wameshamwambia Felista ni nani. Akanitazama, akalitazama furushi.

"Dada, ungetuambia tu kuna mtu atakaa na mbwa, ningeandika mstari mmoja," akasema. "Sasa nina maelezo mawili ya nyumba moja."

Hofu ya kupoteza nyumba, mwanangu, inakutoa utu. Nilimwambia sijui huyu binti maneno hayo kayatoa wapi. Felista alikuwa amesimama palepale. Aliinamisha kichwa tu, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Jioni nikaenda Kaengesa kwa baba mdogo, nikidhani ataniliwaza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapukuchua mahindi yake.

"Uongo ni wako, yule ulimwazima tu," akasema. "Nenda kauchukue."

Asubuhi nikaenda ofisini kwao nikaeleza yote, Felista kando yangu. Walichunguza wiki nyingi. Mwishowe walilipa paa. Vya ndani hawakulipa. Nikauliza, na mikono ya huyu je? Yule bwana akafunua kurasa, akasema bima niliyokata ni ya nyumba, mgeni akiumia ndani hayumo. Sikuwahi hata kuuliza. Nilimsafisha vidonda mwenyewe kila siku, na cherehani yake hakuigusa mpaka mvua zikaanza.

Sasa wewe Jumatatu unaondoka, na yule dada anakuja kukaa na mbwa wako. Kabla hujafunga begi, wapigie watu wa bima. Wape jina lake na siku atakazolala pale. Uliza akiunguza kitu watalipa, akiibiwa vitu vyake itakuwaje, na akiumia yeye nani atamtibu. Jibu wakupe kwa maandishi. Mtambulishe kwa jirani na kwa balozi wa nyumba kumi kwa jina lake la kweli. Wa kufichwa safari ni wezi, si hao. Na jiko la mkaa libaki nje, mbwa watafutie blanketi.

Haya, nenda. Mungu akutangulie njiani, akurudishe ukute paa lipo, mbwa wapo, na mikono ya aliyekulindia ni mizima.