Nani Alichinja Fahali wa Arusi Yako?

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Mratibu wa shirika letu la msaada wa kisheria, mwendesha mashtaka mstaafu mwenye ulimi mkali, alinielekeza nje. "Nenda ukaketi kwenye benchi la ofisi ya usajili. Tazama nani anaitwa na nani anaachwa. Meza utaipata ukishajua."

Niliketi juma zima. Wakulima wa Ruiri na Kiirua waliingia na kutoka. Waislamu wa Majengo, ambao mababu zao walikuja Meru kutoka pande nyingi za Afrika, walibaki wakingoja. Mwombaji kitambulisho mwenye jina la Kiislamu alipigwa msasa, yaani alihojiwa na kamati ya wazee ili athibitishe kwamba ni Mkenya. Jirani yake Mkristo hakuulizwa kitu. Huo ulikuwa ubaguzi, nami sitautafutia jina la heshima.

Kazi ya msaidizi wa kisheria ni kuandaa hati za kiapo, kutafuta mashahidi na kumsindikiza mwombaji. Niliianza kwa kosa. Zuhura, binti wa muuza nyama, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi Embu, lakini chuo hakingemsajili bila kitambulisho. Nikijua wazee watamuuliza ukoo, nilimkaririsha ukoo wa jirani yake Mmeru.

Mwenyekiti wa kamati, mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu, alitabasamu. "Kumbe wewe ni wa kwetu! Wa nyumba ya nani?"

Jina la nyumba sikuwa nimemkaririsha. Ombi likakataliwa, na nafasi ya chuo ikapita.

"Umemfundisha kukiri kwamba hatoshi jinsi alivyo," Mratibu aliniambia. "Adui angefanya nini zaidi?"

Mwaka alioupoteza yule binti, ni mimi niliyempotezea.

Chuo kilipofungua tena milango, tulirudi bila ukoo wa kuazima. Huku kwetu, mwenye sherehe humwita Mwislamu achinje ili wageni wote waweze kula, na kwa miaka mingi aliyeitwa alikuwa babu yake Zuhura. Nilipita boma baada ya boma nikiandika viapo vya watu waliomwita. Bibi mmoja wa Kiirua, mkulima wa viazi, alikataa kuweka kidole gumba kwenye hati. "Mimi nina mdomo," alisema. "Nipeleke."

"Ukoo?" mwenyekiti aliuliza.

"Sina ukoo wa hapa, mzee," Zuhura alijibu. "Nina nyumba hapa. Babu amezikwa hapa, kando ya baba yake."

"Basi rudi kwenu."

"Kwetu ni wapi, mzee? Nionyeshe barabara."

Wazee waliguna. Bibi akainuka na bakora yake. "Mwenyekiti, fahali wa arusi yako alichinjwa na nani?"

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Nimeuliza nani. Mimi nilikuwa jikoni, usinidanganye."

"Abdalla," alisema kwa shida.

"Babu ya huyu. Nyama uliimeza bila kuuliza ukoo wa kisu. Leo unamuuliza mtoto ametoka wapi?"

Mzee mmoja aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alitia sahihi bila kuinua macho. Zuhura alisajiliwa Embu, na baadaye nilipohamishiwa ofisi yetu ya huko, nilimkuta wodini amevaa sare.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana mnaoirithi kazi hii mtashauriwa kuwa wapole, kuwafundisha watu wenu majibu yanayopendeza. Kataeni. Anayelazimika kudanganya ili ahesabiwe kuwa raia amedhulumiwa mara mbili, na dhuluma ya pili huwa ni yenu.

Msasa bado upo. Kila Alhamisi naenda kwenye benchi lile lile na kuketi na watu wa Majengo. Karani huniuliza, "Madam, si ulistaafu? Una shida gani hapa?"

Namjibu kwamba natazama nani anaitwa na nani anaachwa.