Walitucheka Tuliporudi

Siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya hizi simu zenu, tukiishi huku Ugalla. Mwezi wa tisa, nyasi zimekauka hata ukizikanyaga zinalia. Mume wangu Salvatori na mdogo wake Yohana walikuwa porini kwenye mizinga yao ya nyuki. Nyumbani tulibaki mimi, Leokadia mke wa Yohana, mama mkwe wetu Genoveva, na watoto wetu wachanga.

Moshi ukatoka upande wa msituni. Nikamfunga Tereza wangu mgongoni, Leokadia akambeba Pius wake, tukakimbilia kwenye mchanga wa mto. Mama mkwe alikataa. Akabaki mlangoni na ndoo yake ya maji.

Upepo ukageuka, moto ukapita mbali. Tuliporudi jioni, hata kuku hajaungua. Mama mkwe amekaa palepale, anachambua maharage.

"Karibuni wageni," akasema. "Mmetoka nchi gani?"

Majirani wakacheka. Salvatori aliporudi naye akacheka. "Hawa wakimbizi wangu nitawapeleka kambini Mishamo wakaandikishwe!"

Basi ikawa wimbo. Hata kisimani wanawake wenzetu walikuwa wanasema, "Leokadia, kimbia, Mama Tereza amewasha jiko!" Mimi nilizaliwa na ngozi nene, nilikuwa nawarudishia. Leokadia aliinamisha kichwa tu, akajitwika maji, akaondoka.

Mwaka uliofuata moshi ukatoka tena, upande uleule. Wanaume wako porini kama kawaida. Nikamfunga Tereza, nikapita kwa Leokadia. Alikuwa anatwanga.

"Twende, dada."

"Nenda wewe. Mimi mwaka huu sichekwi."

"Leokadia, moto huo!"

"Si uligeuka mwaka jana? Nina maji hapa."

"Basi nipe mtoto."

Akaacha mchi. Akafuta unga mikononi kwanza, ndipo akanipa Pius. "Mchukue. Huyo bado hajui aibu."

Ningemvuta? Alikuwa na nguvu kunizidi, na mimi nina watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Nilikimbia.

Upepo haukugeuka. Tulimkuta kando ya kinu. Ndoo ya plastiki ilikuwa imeyeyuka.

Na mama mkwe, aliyetuanzishia kile kicheko, mwaka huo alikuwa Shanwe kwa binti yake. Alikuja msibani akalia kwa sauti kuliko wote. Katikati ya kilio akauliza, "Jamani, kwa nini hakukimbia?" Salvatori akatazama chini. Mama mkwe nilimpikia, nikamwogesha uzeeni, nikamzika, na swali lake sikumjibu.

Mwanangu, ukiona moshi, ondoka ungali unaiona njia. Mizinga itachongwa mingine. Ukirudi ukakuta nyumba imesimama, shukuru, na mwakani kimbia tena. Lakini neno langu hasa ni kwa nyie mnaopenda kubaki: mtu akirudi kutoka kukimbia, mpeni maji ya kunywa, halafu nyamazeni. Hamjui mwaka ujao kicheko chenu kitamshika nani mguu.

Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu, na akupe watu ambao ukirudi salama watafurahi tu kwamba umerudi.