Bahasha ya Mfiwa wa Maktabani

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, nikiwa na miaka minane, niliingia maktaba ya mtaa wetu wa Sparkbrook kupeleka rambirambi. Wiki iliyopita niliiona tena kwenye ukuta wa maktaba hiyo picha ya mwandishi mmoja wa enzi ya Malkia Viktoria, na harufu ya koti langu lililolowa mvua siku ile ikanirudia.

Nilikuwa nimesoma habari za maisha yake: alifiwa na mkewe, akamwandikia mashairi. Sikuelewa kwamba naye alikwisha kufa. Mama yangu, muuguzi kutoka Kisumu, hakumwacha mfiwa yeyote bila bahasha, kwa hiyo nilitia akiba yangu yote, peni hamsini, katika bahasha.

"Ni ya huyu bwana," nilimwambia mkutubi, nikionyesha picha. "Mwambie pole."

"Alifariki zamani sana, binti."

"Basi wape watoto wake."

Hakucheka. Aliiweka bahasha kwenye droo, akaniazimisha kitabu cha mashairi yale.

"Ungeniambia tungeongeza," mama alisema jioni, akinivua koti. "Lakini umefanya kama mtu mzima."

Tangu hapo nimesoma riwaya zake zote na mashairi yake yote, bila mwalimu. Ada niliyolipa, kwa jumla, ni peni hamsini.