Kitabu cha Hesabu Kichwani mwa Rashidi

Tulikuwapo watatu tu, na nawataja wote: mimi Zuwena binti Nasoro, Rashidi, mtoto wa ami yangu Khalfani, aliyenizidi mwaka mmoja, na bibi yetu Thuwaiba, aliyekaa jamvini akitoa kokwa za tende. Nyumba ni ile ya udongo ya ami, hapa hapa Ibra, mji wa mababu zetu Waarabu, mwaka tuliorudi kutoka Unguja. Wala nisingeyasema haya kama si mdundo wa mpira uani kwangu Idi iliyopita. Du, du, du, mpaka vikombe vya kahawa vikalia kabatini.

Aliyekuwa akidunda ni Sami, Mjerumani, mjukuu wa Rashidi. Mpira wa kikapu ndiyo kazi yake, ndio unaomlisha. Kwa Kiswahili cha kuokotaokota alichofunzwa na babu yake, alinisimulia: alianza mdogo, timu kubwa ilipomchukua alikaa benchi misimu miwili, akapasuliwa goti, wakasema basi tena, akarudi. Sasa ndiye nahodha. Akiingia mlangoni kwangu hujikunja kama anayetafuta sindano.

"Babu alikuja mechi zote," akaniambia. "Mpaka alikufa."

Nikakitazama kikombe changu.

Basi nikwambieni. Skuli ya wavulana ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, na mwalimu wa mazoezi akapigilia pete ya chuma ukutani. Rashidi akashikwa na wazimu wa mpira. Mwalimu akamwahidi, "Ukirefuka vidole viwili kabla ya Ramadhani, utakwenda nasi Sur kucheza." Mimi skuli ya wasichana haikuwapo. Kazi yangu kuteka maji falajini, kwenye mfereji wa mji, na kufukuza nyigu kwenye tende. Jioni yeye anarudi ananuka chaki na jasho, mimi nanuka tende. Bibi alikuwa akisema hasidi hana sababu. Mimi ninayo, nikajiambia.

Mchana mmoja kalala, kajinyoosha mlangoni. Nikamruka miguu, makusudi. Nyinyi mnajua: aliyerukwa hakui, mpaka aliyemruka arudi alikotokea.

"We Zuwena!" bibi akapiga ukelele. "Mrudie mwenzio, utamdumaza!"

"Sirudi!"

Rashidi akanifuata mpaka falajini. "Zuwe, nakuomba, nirudie. Nitakupa kalamu yangu."

"Kaa na ufupi wako," nikamwambia.

Hilo la kitoto, ningejisamehe. Baya ni hili. Kila Ijumaa baada ya sala alisimama kwenye mwimo wa mlango wa ghala ya tende, nami ndiye niliyempima, maana mtu haoni utosi wake. Namwekea kitabu chake cha hesabu kichwani, nachora kwa mkaa chini yake. Ijumaa ile kitabu kikapanda juu ya alama ya zamani. Nikakiinamisha upande wa mwimo. Kidogo tu. Nikachora palepale, na Ijumaa zilizofuata, palepale.

"Hata ukucha?" akauliza.

"Hata ukucha."

Bibi akashangaa, "Mbona kanzu ya Rashidi inapanda?" Nikamjibu, "Imerudi, bibi, kwa kufuliwa."

Siku ya kuchagua wachezaji Rashidi hakwenda. "Nikachekwe?" Akajificha mitendeni, gari likaondoka kwenda Sur bila yeye. Mpira hakuugusa tena.

Baada ya Idi aliingia ghalani kuchukua tende, akagonga kichwa kwenye mti wa juu ya mlango, aliokuwa akipita chini yake siku zote. Akasimama kajishika kipaji cha uso. Akautazama mkaa. Akanitazama mimi. Nikangoja amwite baba yake. Akachukua tende zake, akatoka.

Hatukulitaja kamwe. Alikua, akaenda Ujerumani kusomea mashine, akaoa huko, akazikwa huko. Barua zake hazikukosa salamu zangu hata moja, nami nikajipa moyo kuwa hakujua.

Idi hiyo, mbele ya wajukuu wangu wote, Sami akasema, "Babu alisema bibi Zuwena alimruka, ndiyo hakucheza." Wakacheka, nami nikacheka. Halafu akaongeza: "Kwetu alinipima mlangoni kila Ijumaa. Mama anataka kushika kitabu, babu hataki. Anasema, kitabu nashika mimi. Kwa nini, bibi?"

"Kunywa kahawa, baba, inapoa."

Ndipo nilipofahamu, mtu mzima mwenye fimbo. Alijua tangu siku ile ya kipaji. Kisa cha kurukwa alikifanya mzaha, akawapa watoto wacheke, ili mkono wangu usionekane. Maisha yote nilidhani nimeficha mimi. Kumbe aliyesitiri ni yeye. Sami, ukisomewa haya, hilo ndilo jibu lako.

Aliyekuwapo Ibra siku hizo, kama nimekosea jina la mtu, au mlango ulikuwa wa jikoni si wa ghala, anisahihishe, nitashukuru. Lakini kitabu kiliinama. Hapo msinisahihishe.