Waya Mweusi Ulionidanganya Siku ya Tisa

Mayai tisini na sita yalipoa ndani ya mashine ambayo, kwa kila kipimo nilichopima, haikuwa na ubovu wowote.

Sitii chumvi. Nilipima kwa mkono wangu.

Mimi ni fundi wa elektroniki, mwanamke, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye kazi hii. Nimeshazoea wateja wanaoingia, wananitazama juu mpaka chini, halafu wanauliza, "Fundi yuko wapi?"

Kikundi cha akina mama wafugaji kilikuwa kinatafuta fundi mkuu wa karakana yao mpya, mji mwingine kabisa. Tukabaki wawili: mimi na mzee mmoja tunayemwita Profesa, mbishi wa kuzaliwa. Kila mmoja aunde mashine ya kutotolea vifaranga, ziwekwe ukumbini kwao, hapa hapa mjini kwetu, siku ishirini na moja. Atakayetotoa wengi ndiye fundi mkuu.

Kazi ile niliitaka jamani, niliitaka mpaka nikawa naiota.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, nafungua mlango wa mashine. Baridi! Taa za joto zimezima.

Nikatoa mita ya kupimia umeme.

Kibao cha kupimia joto kinatoa volti tatu, maana yake kinaagiza taa ziwake. Sawa. Betri ya taa, volti kumi na mbili. Sawa. Katikati kuna transista, ile inayopokea agizo na kuwasha taa. Nikaitoa, nikaweka mpya.

Kimya.

Nikaweka nyingine. Kimya vile vile.

Mwenyekiti wa kikundi akaja, akagusa yai moja, akalirudisha taratibu.

"Mwanangu, una mpaka adhuhuri. Baada ya hapo hayo ni ya kutupa."

Upande wa pili Profesa alikuwa anaongeza maji kwenye mashine yake. Yake inawaka vizuri tu.

"Profesa, umenifanyia nini?"

"Mimi?"

"Nani mwingine anafaidika hapa?"

Akina mama wakatazamana. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu, akaangalia ninavyopima.

"Dada, mbona waya mweusi wa mita unahamahama?"

"Unahama vipi?"

"Ukipima kibao, unaugusisha hasi ya kibao. Ukipima betri, unaugusisha hasi ya betri. Transista haina habari na yote hayo. Yenyewe inajua jambo moja: mguu wake wa besi, unaopokea agizo, umezidi mguu wake wa emita, ulioungwa kwenye hasi ya betri, kwa volti ngapi? Ipimie hapo hapo."

Nikaweka mweusi kwenye emita, mwekundu kwenye besi.

Sifuri.

Ilitakiwa izidi nusu volti hivi ndipo iwashe. Kumbe zile volti tatu zilikuwa tatu ukihesabu kutoka kwenye kibao, ila kwa transista hazikuwepo kabisa. Ngazi ndefu iliyosimamishwa kwa jirani haikupandishi darini kwako.

Basi tatizo ni waya unaounganisha hasi ya kibao na hasi ya betri. Nikapindua kibao. Waya upo, umelala vizuri. Nikauvuta kidogo.

Ukaja wote mkononi.

Lehemu ilikuwa imeyeyushwa kwa ustadi, ncha ikazungushiwa utepe, kisha ikarudishwa pale pale ionekane imeshika. Aliyefanya hivyo alijua nitapima kila upande peke yake, nione namba nzuri, nichanganyikiwe.

Nikamgeukia Profesa kwa ukali. "Umejuaje haraka hivyo?"

Mlinzi wa ukumbi akakohoa mlangoni.

"Fundi, mzee huyu jana hakufika. Aliyekuja ni mumeo. Alisema umemtuma aongeze maji. Tena alikaa sana."

Sikumtuma.

"Kikulacho..." Mwenyekiti akaanza. Hakumalizia.

Wenzangu, hapo ndipo nikakumbuka.

Miezi miwili mfululizo mume wangu alikuwa akikaa nami mezani baada ya chakula cha mchana. "Mke wangu, nifundishe kazi yako." Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuuliza. Nikajiona nimependwa upya! Nilimchorea transista nyuma ya kalenda. Nikampa chuma cha lehemu ajaribu, na mikono yake ya ushonaji ikaelewa upesi. Nikamwambia hata kosa langu la tangu chuoni: nahamisha waya mweusi bila kujua, halafu nazunguka siku nzima. Tulicheka mpaka machozi.

Kosa hilo sikuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote.

Nikaunganisha waya. Taa zikawaka. Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikaenda nyumbani.

Nilimkuta kwenye cherehani. Nikaweka kile kipande cha utepe juu ya kitambaa alichokuwa anashona. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Kwa nini?"

Akasema bila kunitazama, "Ukienda huko mimi nitakuwa nani? Mume wa fundi mkuu?"

"Si ungeniambia tu nisiende?"

"Ungenisikiliza?"

"Ningebaki," nikasema.

Na haukuwa uongo. Kama angenishika mkono akaniambia anaogopa, ningebaki, nikalia siku mbili, yakaisha.

Vifaranga wangu walitoka sitini na nane. Wa Profesa walikuwa sabini na tisa. Alipewa kazi, na sharti lake la kwanza likawa mimi niwe msaidizi wake. Nilikubali, nikapanda gari la kwenda huko peke yangu.

Nililojifunza mimi, na wewe lichukue likikufaa: mtu wako akitaka kujua unakosea wapi, mwambie tu, huwezi kuishi na mtu umejifungia. Ila siku ukichomwa, usikimbilie kumnyooshea kidole yule mnayebishana naye kila siku.

Profesa nilimwomba msamaha mbele ya akina mama wale wale. Mume wangu mpaka leo hajaniomba.