Treni Iliyozidi Stesheni

Juzi, nikingoja lifti kando ya reli, harufu ya grisi iliyochomwa na jua ilinirudisha Mombo.

Mama na mimi tulikuwa tumeteremka kutoka Vuga na matenga ya matunda ya plamsi yaliyoiva, ya kuuza, na basi la Moshi lilitungoja ng'ambo ya reli. Katikati lilisimama garimoshi la mizigo. Walikuwa wameliongezea mabehewa, ila njia ya kupishana pale stesheni ilibaki fupi ileile, hivyo mkia wake ukaziba barabara.

"Shikamoo, baba," mama alimwambia mzee wa bendera, huku ameuma meno. "Hili linaondoka lini?"

"Marahaba. Mpaka lenzake lifike kutoka Korogwe."

"Nyumba ya chumba kimoja, mnaalika ukoo mzima!"

"Mimi ni wa bendera tu, mwanangu."

Niliinama kuchungulia chini ya behewa, nikaona matairi ya basi yakianza kuzunguka. Nilimwambia mama.

Garimoshi lilipoondoka hatimaye, dereva wake alitupungia mkono kwa furaha. Mama naye akapunga, maana kwetu salamu haikataliwi. Kisha akafunua tenga alilonikataza kuligusa tangu alfajiri.

"Kula," alisema. "Kula mpaka uchoke."