Kucha tatu, kucha tano

“Eee!” ya Mama Mdogo bado inalia masikioni mwangu.

Leo alinifuata chuoni ili twende nyumbani, mtaa wa Sharpstown, tukamalizie maombi yangu ya kusomea unesi. Yeye ni nesi wa wodi ya wazazi, na wanyama ninaowasoma anawaita mizoga.

Mezani maabara kulikuwa na ekidna wawili waliokaushwa, wanyama wa miiba na pua ndefu, ndugu wa karibu kabisa, wote kutoka Guinea Mpya.

“Nungunungu wawili. Haya, acha mizoga yako, beba begi.”

“Si nungunungu, Mama. Hawa wanataga mayai, halafu wananyonyesha.”

Akavaa glavu. (Nesi ni nesi.)

Akashika mguu wa mbele wa mmoja, akahesabu kucha taratibu, kama anavyohesabu vidole vya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Tatu. Akadhani nyingine zimekatika.

Akashika mguu wa mbele wa yule mwingine. Tano.

“Eee!”

Nikamwambia hakuna kilichokatika. Ndivyo spishi hizi mbili zinavyotofautiana.

“Na chuchu ziko wapi?”

“Hawana. Maziwa yanatoka kwenye ngozi, mtoto analamba.”

Mama Mdogo, aliyepokea watoto wasiohesabika, akavuta kiti akakaa.

Garini nikasubiri hotuba ya unesi. Badala yake akaniuliza, “Sasa yule wa kucha tatu anachimbaje?”

Nyie mnalo jibu?

Mama Mdogo, najua utasoma hapa. Maombi ya unesi nimeshayafuta, na profesa nimeshamwandikia kwamba swali lako ndilo nitakalolifanyia utafiti.